Ashwagandha ni Dawa, Ichukulie Kama Dawa

Muulize muuzaji ashwagandha inatibu nini, naye atamaliza vidole vya mikono yote miwili: msongo wa mawazo, kukosa usingizi, uchovu, nguvu za kiume, kunenepa, kupungua, sukari, presha, kumbukumbu, ngozi. Dawa inayowanenepesha wembamba na kuwakondesha wanene kwa kijiko kilekile lazima imtie mtu shaka. Hata hivyo shaka hiyo haijapunguza wateja. Unga uliokuwa ukipatikana zaidi kwenye maduka ya viungo na dawa za Kihindi sasa uko famasi, uko jimu kwenye rafu moja na makopo ya protini, uko Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, na mitaani hupangwa jirani na vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kwa ahadi ya nguvu za kiume.

Shaka nayo iwe na kiasi. Ashwagandha imepimwa kwa watu, katika tafiti zenye utaratibu, na kwenye mambo mawili matatu imeonyesha kufaa. Imeonyesha pia kwamba inaweza kumlaza mtu hospitali. Yote mawili yanatoka chanzo kimoja: mzizi huu una kemikali zinazofanya kazi kweli mwilini. Kwa hiyo ushauri wangu wote unakaa katika sentensi moja: ichukulie kama dawa. Dawa ina tatizo inalotibu, ina kipimo, ina siku ya kuanza na siku ya kuacha, na ina watu wasiopaswa kuigusa. Anayeinywa kila asubuhi mwaka mzima bila hesabu, kwa kuwa ameambiwa ni ya asili tu, amejiweka kwenye hatari ambayo angeweza kuikwepa kwa urahisi.

Mmea wenyewe

Ashwagandha, ambayo wataalamu wa mimea huiita Withania somnifera, ni kichaka kifupi cha ukoo wa nyanya, biringanya, viazi mviringo na tumbaku. Matunda yake ni madogo, mekundu yakiiva, na kila moja limejifunga ndani ya ganda jembamba. India hulimwa zaidi katika jimbo la Madhya Pradesh, hasa Neemuch na Mandsaur, na katika Rajasthan. Mzizi hung'olewa, hukaushwa na kusagwa, na katika tiba ya Ayurveda unga wake hunywewa na maziwa ya moto, samli au asali.

Mmea huohuo huota wenyewe katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, na wapo wenyeji walioutumia kama dawa tangu zamani. Hilo lisikupe ruhusa ya kubeba jembe. Kichaka cha porini hakijapimwa kina kiasi gani cha kemikali, na mzizi, jani na tunda havilingani. Kemikali zinazosemwa zaidi huitwa withanolidi, na ndizo zinazohesabiwa kwenye lebo za viwandani. Tutarudi kwenye hesabu hiyo, maana wengi huipuuza.

Kinachojulikana kuhusu faida zake

Ushahidi ulio bora zaidi uko kwenye msongo wa mawazo. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha matokeo ya watu 64 waliokuwa na msongo wa muda mrefu. Kundi moja lilipewa miligramu 300 za unga uliokolezwa wa mzizi mara mbili kwa siku, jingine likapewa vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani, na washiriki hawakujua nani kapewa kipi. Baada ya siku 60, alama za msongo za waliotumia ashwagandha zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 44, na za wenzao kwa asilimia 5.5. Kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga kwenye damu wakati wa shida, ilishuka kwa takriban asilimia 28 upande mmoja na asilimia 8 upande wa pili. Tafiti kadhaa zilizofuata zimeelekea hukohuko. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa magonjwa ya akili kutoka shirikisho la kimataifa WFSBP na mtandao wa Kanada CANMAT liliipendekeza, kwa muda tu wakati utafiti ukiendelea, kwa watu wenye ugonjwa wa wasiwasi, kwa kipimo cha miligramu 300 hadi 600 kwa siku.

Usingizi unafuata. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliojumlisha tafiti tano zenye watu 400 ulikuta kwamba usingizi unaboreka, ingawa kwa kiasi kidogo. Nafuu ilionekana zaidi kwa waliokuwa na tatizo hasa la kukosa usingizi, waliotumia miligramu 600 au zaidi kwa siku, na walioendelea kwa wiki nane au zaidi. Anayemeza kidonge saa tatu usiku akitegemea kulala fofofo saa nne anaitaka kazi isiyo yake. Mzizi huu hufanya kazi polepole, kwa wiki.

Vijana wa jimu nao wana lao. Mwaka 2015 wanaume 57 wasio na uzoefu mkubwa wa kunyanyua vyuma walifanya mazoezi kwa wiki nane, baadhi wakitumia miligramu 300 mara mbili kwa siku. Wote waliongeza nguvu, lakini kwenye kunyanyua chuma mtu akiwa amelala chali, waliotumia ashwagandha waliongeza kwa wastani kilo 46, na wenzao kilo 26. Ni tofauti ya kuvutia. Usisahau tu kwamba hata wasioipata waliongeza kilo 26 kwa mazoezi peke yake, na kwamba mtu anayeanza hupanda haraka kuliko aliyezoea.

Kwenye nguvu za kiume ndiko maneno yalikopita ushahidi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2019 uliwachukua wanaume wanene kiasi, wa miaka 40 hadi 70, waliokuwa wakilalamika uchovu. Testosteroni yao ilipanda kwa takriban asilimia 15 zaidi walipokuwa kwenye ashwagandha kuliko walipokuwa kwenye vidonge vitupu. Walipoulizwa kuhusu uchovu, uchangamfu na maisha yao ya ndoa, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya vipindi hivyo viwili. Namba ya maabara ilipanda, lakini mwenye mwili hakuhisi kitu. Mwanaume anayeuziwa kopo kwa ahadi ya chumbani aikumbuke habari hiyo. Akumbuke pia kwamba kupungua nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya mapema ya sukari, presha au mishipa ya damu iliyoanza kuziba, na kila mwezi anaopoteza kwenye vumbi na mizizi ni mwezi ambao ugonjwa wenyewe unaendelea.

Kuhusu sukari, presha, kumbukumbu na ngozi, kilichopo ni kidogo mno kumfanya mtu aguse dawa alizoandikiwa na daktari.

Hata kwenye msongo na usingizi, ushahidi una mipaka yake. Tafiti nyingi ni za watu wachache, za wiki nane hadi kumi na mbili, zimefanyika zaidi India, na nyingi zilitumia bidhaa za kampuni zenye maslahi kwenye matokeo. Matokeo hayo hayageuki kuwa uongo kwa sababu hiyo. Lakini mtu aliyekwisha kutumia mwaka mzima yuko mahali ambapo tafiti hizo hazikumfuata.

Ini

Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, likumbuke hili la ini.

Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walichapisha habari za wagonjwa watano, watatu wa Iceland na wawili wa Marekani, waliougua ini baada ya kutumia ashwagandha. Dalili zilianza kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili: macho ya manjano, mwili kuwasha, kichefuchefu, uchovu. Vipimo vyao vya kila siku vilikuwa vya kawaida, miligramu 450 hadi 1,350. Wanne walipona baada ya kuacha, lakini ini lilichukua mwezi mmoja hadi mitano kurudi sawa; wa tano hakufuatiliwa hadi mwisho. Hifadhidata ya LiverTox ya taasisi za afya za Marekani imeiweka ashwagandha kwenye daraja B, yaani kitu ambacho huenda kweli kikadhuru ini.

Mwaka 2023 ikaja habari nzito zaidi, safari hii kutoka India kwenyewe. Madaktari walieleza wagonjwa wanane waliotumia bidhaa zenye ashwagandha peke yake bila mchanganyiko. Watano kati yao walikuwa tayari na ugonjwa wa ini wa muda mrefu. Watatu walifariki, na wote watatu walikuwa miongoni mwa wale ambao maini yao yalikuwa dhaifu tangu awali.

Madhara haya ni nadra ukilinganisha na mamilioni ya watu wanaoitumia duniani. Lakini unadra huo si uleule kwa kila mtu, na hapo ndipo msomaji wa Afrika anapopaswa kujitazama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao milioni 65 barani Afrika wanaishi na homa ya ini B, na kwamba chini ya watano katika kila mia walikuwa wamepimwa na kuijua hali yao. Mtu anaweza kuwa na virusi hivyo miaka ishirini, anabeba zege, anacheza mpira, hana hata homa. Huyo akiingia dukani kununua ashwagandha ataambiwa kwa moyo mweupe kwamba ni salama, naye ataamini, kwa kuwa hajui kama ini lake limeanza kuchakaa.

Ndiyo maana nasema kipimo cha homa ya ini B kitangulie kopo. Ni kipimo cha damu kinachofanyika hospitali na maabara nyingi, na jibu lake lina faida hata usipoinunua ashwagandha kamwe. Ukiwa na virusi, utaanza kufuatiliwa mapema. Ukiwa huna, unaweza kupata chanjo.

Anayetumia dawa za kifua kikuu asiiguse kabisa. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zenyewe zinaweza kulielemea ini, na kliniki humfuatilia mgonjwa kwa sababu hiyo. Ukiongeza mzizi katikati na ini likalalamika, daktari hatajua amlaumu nani, na anaweza kulazimika kusimamisha dawa ambazo ndizo zinazokuponya. Anayekunywa pombe nyingi yuko kwenye kundi hilohilo.

Wengine wa kukaa nayo mbali

Mjamzito asiitumie, wala anayetafuta ujauzito. Ashwagandha ina sifa ya kale ya kuharibu mimba, na kitabu cha Shirika la Afya Duniani kuhusu mimea ya dawa kinaizuia wakati wa ujauzito. Anayenyonyesha naye aiache, kwa kuwa usalama wa mtoto haujathibitishwa. Ushauri wa jirani kwamba mzazi anywe kidogo na maziwa ili arudishe nguvu baada ya kujifungua upokewe kwa heshima, kisha usifuatwe.

Mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, ana sababu yake. Utafiti wa mwaka 2018 wa watu 50 ambao tezi zao zilikuwa zimelegea kidogo ulionyesha kwamba ashwagandha hupandisha homoni za tezi hiyo. Wengine huisoma habari hiyo kama tiba. Lakini kwa mtu ambaye tezi yake inazalisha kupita kiasi, ni kumwaga petroli kwenye moto, na kwa anayemeza levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, ni kuharibu kipimo ambacho daktari alikitafuta kwa miezi. Uholanzi waliwahi kuripoti mwanamke wa miaka 32 aliyepata dalili za tezi kuzidi baada ya kutumia vidonge vya ashwagandha. Alipoacha, dalili ziliondoka. Ukianza kuitumia kisha moyo ukawa unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linakutoka bila kazi na uzito unashuka, usiseme dawa inachoma mafuta. Acha, ukapime tezi.

Mwenye saratani ya tezi dume inayotegemea homoni asiitumie, kwa kuwa inaweza kupandisha testosteroni. Wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kama lupasi na baridi yabisi ya viungo, waiache pia, maana inaweza kuichochea kinga hiyo. Kwa sababu hiyohiyo isikutane na dawa za kushusha kinga, zikiwemo za aliyepandikizwa figo.

Kisha kuna dawa za kila siku. Ashwagandha inaweza kushusha sukari na presha, na inaweza kuleta usingizi. Ukiiongeza juu ya dawa za sukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Juu ya dawa za presha, unaweza kuinuka kitandani ukaona kizunguzungu. Juu ya dawa za usingizi, za wasiwasi au za kifafa, ukasinzia mahali pabaya. Anayetumia ARV asianze bila kuongea na kliniki yake, kwa sababu dawa hizo zinategemea kiwango kisichoyumba kwenye damu. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari na aiache wiki mbili kabla.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji kuwa marefu. Mama mwenye sukari na presha akifika kwenye dirisha la famasi yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Natumia metformini na amlodipini. Binti yangu kaniletea hiki kikopo, anasema cha usingizi. Naweza kuvichanganya?"

"Mama, hiki kinaweza kushusha sukari na presha juu ya zile dawa zako. Nyumbani una mashine ya kupimia?"

"Sina."

"Basi tusikianze. Kliniki yako lini?"

"Alhamisi."

"Nenda nacho, umwonyeshe daktari kikopo chenyewe. Usimsimulie tu, mwonyeshe."

Kikopo mkononi kina thamani kuliko maelezo, kwa kuwa mgonjwa akiulizwa dawa anazotumia hutaja za hospitali peke yake. Za mizizi hazihesabu. Ukienda kwa daktari, zitaje bila kuulizwa, hata kama unahisi atakugombeza.

Jinsi ya kuisoma lebo

Watu wengi hutazama miligramu zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo, wakachagua namba kubwa. Huko ni kulinganisha madumu bila kuuliza ndani kuna maji au mafuta ya taa. Geuza kopo, utafute mambo manne.

La kwanza ni sehemu ya mmea iliyotumika: mzizi, au mzizi na majani. Tafiti nyingi zilitumia mzizi. Mwaka 2021 Wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za jadi, iliwataka watengenezaji wasitumie majani. Kopo lisilosema ni sehemu gani ya mmea liache dukani.

La pili ni kama huo ni unga mtupu wa mzizi uliosagwa au ni unga uliokolezwa, na kama umekolezwa, una asilimia ngapi ya withanolidi. Piga hesabu mwenyewe. Kidonge cha miligramu 300 chenye withanolidi asilimia 5 kina miligramu 15; viwili kwa siku ni miligramu 30. Kidonge cha miligramu 500 chenye asilimia 10 kina miligramu 50. Viwili ni 100, zaidi ya mara tatu ya kile cha kwanza, ingawa kwa macho ni vidonge viwili kwa viwili. Unga mtupu mara nyingi hauna hata asilimia moja, kwa hiyo miligramu 500 zake zinaweza kuwa na chini ya miligramu 5. Makopo matatu yenye jina moja, dawa tatu tofauti kwa nguvu.

La tatu ni orodha ya vingine vilivyomo. Michanganyiko ya mimea sita au kumi ina ubaya mmoja mkubwa: ukiugua, hakuna atakayejua kilichokudhuru. Bidhaa za nguvu za kiume zichunguzwe zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa zinazojiita za asili ambazo maabara imezikuta na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, iliyofichwa ndani. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akikutana na sildenafili bila kujua, presha yake inaweza kuanguka ghafla na kumuua.

La nne ni nani aliyeitengeneza na nani aliyeikagua. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston, Marekani, wakazipima. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Tafuta jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na namba ya usajili. Tanzania, dawa za asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na TMDA ndiyo mamlaka ya dawa. Kenya, ni Bodi ya Famasia na Sumu. Usajili hauthibitishi kwamba itakutibu, lakini mtu akipata madhara kuna mahali pa kuanzia kuuliza. Unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni hauna pa kuanzia.

Na usitishwe ukisikia nchi fulani imeipiga marufuku, wala usitulizwe ukisikia nyingine inaiuza bila masharti. Denmark iliipiga marufuku Aprili 2023, baada ya chuo kikuu chake cha ufundi, DTU, kueleza mwaka 2020 hofu juu ya homoni za tezi, homoni za uzazi na mimba. Ujerumani taasisi ya tathmini ya hatari, BfR, ilitoa onyo mwaka 2024 kwa watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye magonjwa ya ini. Marekani inauzwa kama kirutubisho cha kawaida. Nchi hizo zimesoma ushahidi unaokaribiana, zikatofautiana katika hatari zinayokubali kuibeba. Wewe nawe uamue ya kwako ukijua hali ya mwili wako.

Ukiamua kuitumia

Tuseme wewe ni mtu mzima, huna mimba wala hunyonyeshi, ini na tezi ni salama, hutumii dawa nyingine, na msongo au usingizi unakusumbua kweli. Unaweza kuijaribu, kwa utaratibu.

Anza kwa kuandika tatizo. Chukua daftari, na kwa wiki nzima kabla ya kumeza chochote andika kila asubuhi ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na wasiwasi wa jana unaupa alama ngapi kati ya kumi. Bila wiki hiyo ya kwanza hutakuwa na cha kulinganisha, na mtu aliyetoa pesa yake hujiona amepata nafuu hata kama hakuipata.

Chagua bidhaa ya mzizi pekee, yenye asilimia ya withanolidi iliyoandikwa. Anza na kipimo cha chini, kwa mfano miligramu 300 kwa siku baada ya chakula, maana tumbo tupu huwaletea wengine kichefuchefu na kuharisha. Usipite miligramu 600 za unga uliokolezwa wa asilimia 5. Siku za mwanzo tazama kama inakupa usingizi mchana, hasa kama unaendesha bodaboda, gari au mashine. Usichanganye na pombe.

Weka tarehe ya mwisho siku unapoanza. Wiki nane zinatosha kujua kama inakufaa, na miezi mitatu ndiyo mpaka ambao tafiti nyingi zimefika. Ikipita hapo, acha. Ukiona ulazima wa kurudia, pima kwanza ini na tezi.

Acha siku hiyohiyo, bila kusubiri kopo liishe, ukiona macho au ngozi inakuwa ya manjano, mkojo mweusi wa rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, mwili kuwasha bila upele, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, au uchovu wa ghafla na kukosa hamu ya kula. Nenda hospitali na kopo lako. Dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine, na kuna hatari ya kujiambia ni malaria, ukameza dawa juu ya dawa. Mwombe daktari au mfamasia apeleke taarifa ya madhara kwa mamlaka ya dawa. Taarifa kama hizo, zikikusanywa, ndizo zilizowafumbua macho madaktari wa Iceland na India. Wapo pia watumiaji wanaosema baada ya muda huzuni na furaha vyote hupoa, mtu akawa hajali. Ukiambiwa na watu wa nyumbani kwamba umebadilika, waamini, uache.

Kuna la kufanya hata kabla ya hayo yote. Uchovu unaoendelea kwa miezi huweza kuwa upungufu wa damu, tezi iliyolegea, sukari au mimba ambayo hujaijua. Kukosa usingizi kunaweza kutokana na kahawa ya jioni, simu kitandani, au kukoroma kunakoziba pumzi. Wasiwasi unaotokana na deni, ndoa au kazi hauondoki kwa kushusha kotisoli huku deni likiongezeka. Na mtu anayefikiria kujidhuru hapaswi kupewa kopo la mizizi. Anapaswa kufikishwa kwa daktari leo, akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Ukifika mwisho wa wiki ya nane, fungua daftari ulinganishe wiki ya mwisho na ile ya kabla ya kuanza. Kama namba zimebadilika vya kutosha kwamba hata mwenzako wa chumba ameona, umepata ulichokitafuta. Acha upumzike, uone kama nafuu inabaki. Kama namba ni zilezile, usiongeze kipimo wala usihamie kopo jingine. Pesa ya kopo la pili ipeleke kwenye vipimo vya damu, na daftari lipeleke kwa daktari. Wiki tisa za usingizi na wasiwasi zilizoandikwa siku kwa siku zitamsaidia kukutafutia chanzo cha tatizo lako.